Bastola za Kale na Maneno Yanayotutoroka

Majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili mtaani Pipeline, Nairobi. Niliandika ubaoni maneno "bastola ya gumegume", nikauliza maana yake. Darasa zima likanyamaza. Hatimaye kijana mmoja akajibu kwamba gumegume ni mume asiyefaa. Wenzake wakaangua kicheko. Sikumlaumu. Jibu lake halikuwa kosa, bali nusu ya ukweli.

Gumegume ni jiwe gumu litoalo cheche linapogongwa kwa chuma. Kabla ya fataki kuenea katika karne ya 19, jiwe hilo ndilo lililowasha baruti. Mpigaji alipofyatua, jiwe lilikigonga kipande cha chuma, cheche zikaiangukia baruti, na moto ukapenya hadi ndani ya mtutu. Bastola za mabaharia zilikuwa na namna yake. Sehemu nyingi ziliundwa kwa shaba, isiyoliwa na kutu kama chuma. Nyingi zilikuwa na kulabu ya kuning'inizia mshipini. Na kwa kuwa risasi ilikuwa moja tu, kitako kizito kiligeuzwa rungu.

Ulaya na Marekani wapo watu wanaozikusanya bastola hizi na kuzinunua kwa bei ghali. Siwabezi, kwani wengi wao wana ujuzi mkubwa. Hata hivyo, chombo kilichoondolewa mahali pake na kuuzwa bila historia yake ni bubu. Linganisha na merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama karibu na Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome hiyo. Kati ya 1977 na 1980 wanaakiolojia wa Kenya na wenzao wa kigeni waliichimbua chini ya bahari, wakiandika kila kitu kilipatikana wapi na kando ya nini. Vitu hivyo havikuishia sebuleni mwa tajiri. Baadhi yake huonyeshwa ngomeni, na mtoto wa Pipeline ana haki navyo sawa na mtoto wa Muthaiga.

Msomaji ataniuliza: ya nini kuwafundisha vijana habari za silaha, katika mitaa ambako bastola humaanisha jambazi na mlio wa usiku? Swali hilo ni la haki. Mimi simwombi yeyote akusanye silaha. Naomba tukusanye maneno, maana ndiyo hazina tuliyoachiwa bila malipo wala kibali.

Tazama hazina yenyewe. Bunduki na risasi ni maneno ya asili ya Kiarabu. Bastola ni neno la Ulaya, na ile "b" badala ya "p" huenda ni ishara kwamba lilipitia kinywa cha Mwarabu kabla ya kutufikia. Lakini mzinga ni wetu wa Kibantu. Mababu waliuona mtutu mnene wenye uwazi ndani, wakaukumbuka mzinga wa nyuki, wakaupa jina hilo. Watu waliopigwa kwa silaha za wageni hawakukosa akili ya kuzipa majina. Hiyo ni historia ambayo hakuna mnunuzi awezaye kuifungia kabatini.

Walimu wenzangu, zoezi ni jepesi. Mpe kila mwanafunzi neno moja kongwe: gobori, gumegume, fataki, marisau. Aulize wazee, apekue kamusi, kisha aandike ukurasa mmoja. Na shule ikipata nauli ya Mombasa, wanafunzi wasiishie ufuoni bila kuingia ngomeni.

Nilipokuwa nikitoka darasani, yule kijana alinifuata mlangoni. "Mwalimu," akauliza, "jiwe gumu hivyo lilipataje kuwa jina la mume asiyefaa?" Nilimwambia atafute jibu, aniletee. Hivyo ndivyo ukusanyaji unavyoanza.