Mbegu ya Vitoma Isipotee

Ukipita Soko la Mwanjelwa, Mbeya, utaona wazazi wakinunua vichezeo vya plastiki ambavyo wiki haiishi vimeshapasuka. Ilhali manyanga ya mtoto yanaota kwenye uzio!

Mimi nalima vitoma, vibuyu vidogo vya mbegu ya bibi yangu, hapa Uyole. Napanda mvua zinapoanza, Novemba au Desemba. Maua yake meupe hufunguka jioni, nondo wakahamisha chavua usiku. Ndiyo maana ukipanda vitoma jirani na vibuyu vikubwa, mbegu huchanganyika na msimu unaofuata umbo linaharibika. Mvua zikikatika naviacha kwenye mmea hadi kikonyo kikauke, kisha navipandisha darini juu ya jiko miezi kadhaa, mpaka nikitikisa nisikie mbegu zikigonga ndani. Hapo manyanga tayari, bila gundi wala betri.

Wateja wa kazi za mikono wapo. Neema Crafts ya Iringa, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanza 2003, imelithibitisha hilo. Kinachokosekana ni mbegu safi na wakulima wa kuilima kwa wingi.

Nawaomba watafiti wa kilimo wa kituo cha TARI Uyole wazikusanye mbegu hizi kutoka Rungwe hadi Mufindi, wazee wanaozijua wakiwa bado hai. Nawe msomaji, kama bibi yako ana kitoma kimening'inia jikoni, muombe mbegu, uzipande msimu huu.