Mzazi, Mwalimu na Sufuria Tupu

Ukihudhuria mkutano wa wazazi katika shule ya msingi huku Kasulu au Kibondo, usishangae ukikuta ubishi mkali hauhusu mtaala wala matokeo ya Darasa la Saba. Mara nyingi unahusu debe la mahindi. Mzazi anauliza: kama elimu ni bure, mahindi na maharage ya nini? Mwalimu anajibu kwamba aliajiriwa kufundisha, si kukusanya madebe. Kila mmoja ana hoja. Wakati wanabishana, mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri na kupanda vilima viwili anakaa darasani hadi mchana bila hata kikombe cha uji.

Tuanze na mzazi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango katika shule za Serikali, toka elimu ya awali hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Miaka miwili baadaye, Januari 17, 2018, Rais John Magufuli alirudia agizo hilo kwa ukali, akipiga marufuku michango shuleni. Kwa mzazi aliyewahi kuona mtoto wake akirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa dawati au wa mlinzi, agizo hilo lilikuwa ukombozi. Hatuna sababu ya kumlaumu kwa kulishika kwa mikono miwili.

Lakini kuna waraka mwingine ambao haukupata sauti kama hiyo. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulifafanua nani anabeba nini katika elimu bila malipo. Kwa mzazi uliacha sare, madaftari, kalamu, matibabu, na pia chakula cha mtoto anayesoma kutwa. Kwa hiyo ada ilifutwa, lakini wajibu wa kumlisha mtoto haukufutwa. Wazazi wengi walisikia sehemu ya kwanza tu.

Sasa tumsikilize mwalimu. Ruzuku ya Serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawanya, utapata kama shilingi 51 kwa siku, na fedha hiyo ni ya vitabu, chaki, ukarabati, mitihani na michezo. Chakula hakimo. Mwalimu mkuu anaambiwa ahakikishe watoto wanakula, na papo hapo anajua kwamba wapo wenzake waliovuliwa madaraka kwa kosa la kupokea michango. Katika hali hiyo, mwakilishi wa chama cha walimu akimshauri asishike debe wala daftari la michango, hamfundishi uvivu. Anamkinga.

Tatizo ni kwamba wazazi wengi hawakiamini chama hicho. Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kiliundwa mwaka 1993, na kwa mzazi wa kawaida jina lake linakumbusha mgomo. Julai 30, 2012 walimu waligoma nchi nzima wakidai, pamoja na mengine, nyongeza ya mshahara ya asilimia 100 na posho ya mazingira magumu ya asilimia 30. Agosti 2, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliamua kwamba mgomo ule haukuwa halali, na walimu wakarudi darasani. Mzazi alibaki na picha ya watoto wanaocheza uwanjani huku walimu wamekaa ofisini. Wachache walijiuliza kuhusu ile posho ya mazingira magumu: ilikuwa ya nani, kama si ya mwalimu anayepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya kuishi, kama vilivyo vijiji vingi vya mkoa huu?

Kanisa halituruhusu kuchagua upande mmoja kirahisi. Mwaka 1891, katika waraka wake Rerum Novarum, Papa Leo XIII alitetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao. Oktoba 28, 1965, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mseminari anayesoma nyaraka hizi asiziweke katika makabati mawili tofauti. Mwalimu ana haki ya kukataa kufanywa mkusanya michango. Mzazi ana haki ya kukataa mtoto wake kufanywa rehani ya deni. Ila haki zote mbili ni za kukataa, na chakula kinahitaji mtu wa kukubali.

Kwa maoni yangu, mtu huyo ni mzazi, kupitia kamati ya shule. Sisemi hivyo kwa kumpendelea mwalimu. Nasema hivyo kwa sababu kama sisi wazazi ndio walezi wa kwanza, basi sufuria ya shule ni yetu kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Kamati ipo kwa utaratibu wa Serikali, na mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-Tanzania, uliounda vikundi vya ushirikiano wa wazazi na walimu. Chombo hatukikosi. Tunachokosa ni watu wa kukikalia.

Kamati inaweza kuanza na mambo manne. Kwanza, michango ikusanywe kwa mazao na baada ya mavuno, si kwa fedha mwezi Januari. Januari ghala limepungua na mzazi ananunua sare. Baada ya mavuno, mahindi na maharage yapo nyumbani. Pili, stoo iwe na funguo mbili, zote mikononi mwa wazazi, na mwalimu atoe idadi ya watoto waliohudhuria tu. Tatu, hesabu isomwe hadharani kila muhula: yaliyoingia, yaliyopikwa, yaliyobaki. Mwalimu anayekula naye achangie, na jina lake lisomwe kama la mzazi yeyote. Hapo maneno ya chinichini kwamba walimu wanakula mahindi ya watoto yatakosa pa kusimama. Nne, mtoto wa mjane au wa nyumba iliyokosa mavuno ale bila kuulizwa. Akirudishwa nyumbani hata mtoto mmoja, tumerudi kulekule tulikotoka kabla ya mwaka 2016.

Mwakilishi wa chama cha walimu naye aalikwe mkutanoni. Aeleze waziwazi ni kazi gani mwalimu hatafanya na kwa nini, na asikilize mzazi anavyoumia mwalimu anapokosekana darasani. Chama kinachojua kudai haki za wanachama wake kikionekana pia kinapigania mlo wa mtoto, kitapata wazazi wa kukiunga mkono siku kinapodai nyumba za walimu.

Parokia ina nafasi kubwa hapa, maana mzazi na mwalimu hukaa katika jumuiya ndogondogo moja. Padre anayemkaripia mwalimu altareni, akijua mwalimu hawezi kujibu, hapatanishi. Vivyo hivyo anayewaita wazazi wavivu. Na sisi wenyewe ni waajiri. Kanisa lina shule, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Hatuwezi kuwahubiria wengine Rerum Novarum huku mwalimu wa shule ya Kanisa akiogopa kusema kwamba ana kadi ya chama.

Mkutano ujao wa wazazi ukiitishwa, tusiwaachie wazee watatu na mwenyekiti. Twende, akina baba na akina mama, tukiwa na swali moja: mahindi ya mwaka huu yatakusanywa lini, na funguo za stoo atakaa nazo nani?