Krismasi Safi ya Zamani Haikuwahi Kuwepo

Kila Desemba husikika dai moja, na limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayelihoji. Zamani, wanasema, Krismasi ya televisheni ilikuwa safi. Katuni zilitengenezwa kwa mapenzi, watoto walifunzwa utu, na fedha ilikaa mbali. Halafu biashara ikaingia, ikaharibu. Ushahidi wao ni zile filamu fupi za katuni ambazo Wamarekani wamekuwa wakizitazama mwaka hadi mwaka tangu miaka ya 1960: Rudolph, kulungu wa nchi za baridi mwenye pua inayowaka, Charlie Brown na mti wake uliokonda, Grinch, mwizi wa sikukuu. Mmarekani aliyevuka miaka hamsini akianza kuzisimulia, sauti yake hubadilika. Na sisi Waswahili tunaolea watoto katika miji yao tumeanza kuuimba wimbo huo huo, kana kwamba tuliurithi.

Dai hilo ni la uongo. Tena ni uongo unaodhuru, kwa sababu unawanyima sifa waliostahili sifa na kuwapa udhuru wasiostahili udhuru.

Nina nafasi ya kulisema hili bila kuumia. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi miaka ya 1990, kwa hiyo sisi tuliokua kabla ya hapo hatukufungwa moyo na Rudolph. Tulikuwa na redio. Filamu hizi nilikutana nazo ukubwani, nikazitazama kwa macho makavu, na baadhi yake nikazipenda sana. Nazipenda hadi leo. Ndiyo maana inaniudhi kusikia zikisifiwa kwa jambo ambalo hazikuwa nalo.

Tuanze na Rudolph mwenyewe. Hakutoka katika ngano za wazee wala katika mahubiri. Alizaliwa mwaka 1939 huko Chicago, ndani ya Montgomery Ward, kampuni kubwa ya maduka iliyotaka kijitabu cha kuwagawia watoto ili wazazi wavutwe kuja kununua. Aliyekiandika ni Robert L. May, mwajiriwa wa kuandika matangazo, ambaye mwaka huo alikuwa akimuuguza mke wake. Mke akafariki kwa saratani kabla kazi haijakamilika. Zaidi ya nakala milioni mbili ziligawiwa msimu ule wa kwanza. Wimbo ulifuata mwaka 1949, ukitungwa na shemeji yake, Johnny Marks, na kuimbwa na Gene Autry. Filamu iliporushwa na kituo cha NBC tarehe 6 Desemba 1964, mdhamini alikuwa General Electric, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya nyumbani, na wahusika wa filamu hiyo hiyo wakatumika kutangaza bidhaa zao. Mnyama anayetajwa kila mwaka kama alama ya enzi isiyojua biashara alitoka moja kwa moja kwenye meza ya mwandishi wa matangazo.

Wenzake wana nasaba hiyo hiyo. Hadithi ya Krismasi ya Dickens iliyochezwa na Mister Magoo, mhusika wa katuni, ambayo mwaka 1962 ndiyo iliyowafungulia njia wote, ililipiwa na Timex, kampuni ya saa. Frosty, mtu wa theluji wa filamu ya mwaka 1969, alitokana na wimbo uliotungwa kwa kufuata nyayo za mafanikio ya wimbo wa Rudolph. Grinch alifika CBS mwaka 1966 kwa fedha za chombo cha mabenki ya biashara. Katika hadithi yake kijiji kinaporwa kila zawadi na kila tonge, asubuhi wakazi wake wanashikana mikono na kuimba kwa sababu sikukuu yao haikuwa imenunuliwa dukani, na hadithi hiyo imelipiwa na mabenki.

Kisha ipo ile ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote, A Charlie Brown Christmas. Mwaka 1965 wakala wa matangazo wa Coca-Cola alimpigia simu mtayarishaji Lee Mendelson kuuliza kama ana kitu cha Krismasi. Mendelson hakuwa nacho, akajibu kwamba anacho. Yeye na mchoraji Charles Schulz wakaandika muhtasari mbio mbio, kisha wao na mwongozaji Bill Melendez wakabaki na miezi michache tu ya kuikamilisha kazi nzima. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza, tarehe 9 Desemba 1965, jina la Coca-Cola lilionekana ndani ya filamu yenyewe. Baadaye ndipo likakatwa. Charlie Brown, mtoto anayelalamika ndani yake kwamba Krismasi imegeuzwa biashara, alikuwa akilalamika kwa fedha ya soda.

Wapo watakaodakia hapo na kusema kwamba basi filamu ile ni unafiki mtupu. Nawapinga hao kwa nguvu ile ile ninayowapingia wanaodai usafi.

Wakati ule vichekesho vya televisheni, katuni zikiwemo, viliwekewa vicheko vya kurekodiwa ili mtazamaji ajue mahali pa kucheka. Schulz alikataa. Sauti za watoto kwa kawaida ziliigizwa na watu wazima wenye uzoefu. Wao wakawachukua watoto halisi, na aliyeigiza Sally, dada mdogo wa Charlie Brown, alikuwa mdogo kiasi kwamba hakujua kusoma, ikabidi atamkiwe maneno kipande kipande naye akirudia. Sikilizeni tena: sentensi zake hukatika mahali msipopategemea, na utamu wake uko hapo hapo. Muziki ulitarajiwa kuwa wa shangwe. Vince Guaraldi akaleta jazi, piano yenye huzuni inayopita chini kwa chini, na sauti za kwaya ya watoto wa kanisani ambazo hazikunyooshwa zikalingana. Halafu likaja suala la Linus, rafiki wa Charlie Brown. Schulz alitaka mtoto huyo asimame jukwaani peke yake aghani habari ya kuzaliwa kwa Yesu kutoka Injili ya Luka, sura ya pili, katika lugha ya Biblia ya kale. Wenzake waliingiwa na hofu, kwani dini iliyo wazi namna hiyo haikuzoeleka katika katuni. Hakuyumba.

Wasimamizi wa CBS walipoonyeshwa kazi iliyokamilika hawakuipenda. Waliiona inakokota, na muziki wakaona haufai. Ilirushwa kwa sababu nafasi yake ilishapangwa na siku zilikuwa zimekwisha. Usiku ule karibu nusu ya televisheni zilizokuwa zimewashwa Marekani nzima zilikuwa zinaitazama, na filamu ikatwaa tuzo ya Emmy na ya Peabody.

Fedha, basi, ilikuwepo, tena ya kutosha kutoa amri. Kilichoikinga kazi ni mtu mkaidi, mwenye jina kubwa kiasi cha kusikilizwa, na wenzake wawili ambao hata walipoogopa hawakumkimbia. Msimu huo huo, katika vituo hivyo hivyo, kwa wadhamini wa aina hiyo hiyo, yalirushwa mambo mengi ya hovyo ambayo hakuna anayeyakumbuka. Tunaposema zamani walijua kutengeneza, tunachukua kazi tatu nne zilizonusurika tunazifanya cheti cha zama nzima. Takataka za mwaka 1965 zilishazikwa. Za mwaka huu bado ziko mbele ya macho yetu. Ulinganisho wa namna hiyo hauwezi kuwa wa haki, na ninaowaonea huruma zaidi ni vijana wanaotengeneza katuni leo, wanaoambiwa wameshindwa kabla hata kazi yao haijatazamwa.

Madhara mengine ya dai hili ni kwamba linatufumba midomo kuhusu mabaya yaliyomo ndani ya filamu zenyewe. Rudolph husifiwa kwa kufundisha kuwakubali walio tofauti. Itazameni tena, kwa makini. Baba mzazi anaifunika pua ya mwanawe kwa aibu. Mwalimu wa michezo anawaagiza watoto wengine wasimruhusu kucheza nao. Santa Claus, yule ambaye dunia nzima humchukulia kuwa kipimo cha wema, anamwambia baba anapaswa kuona haya. Mama anapotaka kutoka kwenda kumtafuta mwanawe aliyetoroka, anaambiwa kwamba hiyo ni kazi ya wanaume. Na mwisho, ukungu unapotanda na ile pua kuonekana ina manufaa, ndipo ubaguzi unapogeuka sifa. Mtoto wa Kiswahili anayesoma Minneapolis au Columbus, anayechekwa darasani kwa lafudhi au kwa chakula alichofungashiwa, hulielewa somo hilo upesi kuliko tunavyodhani: watakupenda siku watakapokuhitaji. Mzazi anayeiweka filamu hiyo, akatoka kwenda jikoni na kuamini kwamba ya zamani haina neno, amemwachia mwanawe peke yake swali zito.

Hata watazamaji wa kwanza hawakuichukulia filamu hiyo kuwa kitu kitakatifu. Katika toleo la mwaka 1964, Rudolph anaviahidi msaada vile vitu vya kuchezea vyenye kasoro vilivyotupwa kisiwani, kisha hadithi inakwisha navyo vikiwa bado vimesahauliwa. Watu waliona dhuluma. Waliandika barua kulalamika, na mwaka uliofuata ikaongezwa sehemu ambayo Santa anakwenda kuvichukua. Sehemu hiyo ndiyo inayowatoa watu machozi leo na kuwafanya waseme kwamba enzi zile walikuwa na roho nzuri. Roho hiyo ilikuwa ya watazamaji waliokataa kuridhika na walichopewa.

Na hayo mapenzi yanayosemekana kuitengeneza Rudolph yalikuwa mikononi mwa nani? Kampuni iliyoitengeneza, ambayo baadaye iliitwa Rankin/Bass, ilikuwa New York. Sauti nyingi zilirekodiwa Toronto, Kanada. Vikaragosi vilichezeshwa Tokyo, katika studio ya Tadahito Mochinaga, fundi aliyewahi pia kufanya kazi China na kushiriki katika kuanzisha sanaa ya katuni za vikaragosi huko. Kikaragosi kinasogezwa kidogo mno, kinapigwa picha, kinasogezwa tena, kinapigwa tena, siku baada ya siku, hadi kulungu aonekane anatembea. Hiyo ni kazi ya vidole, mgongo na subira. Mwaka 2020 vikaragosi viwili vya filamu hiyo, cha Rudolph na cha Santa, viliuzwa mnadani kwa dola 368,000. Waliozigusa mbao na sufu zile zikapata uhai hawatajwi katika simulizi la Krismasi safi ya Marekani, kwa sababu simulizi hilo haliwezi kukubali kwamba sikukuu ya utotoni iliagizwa kutoka nje kwa mkataba.

Mwaka huo huo wa 2020 haki za kuonyesha filamu za Charlie Brown zilikwenda kwa Apple, katika huduma yake ya kulipia kila mwezi kupitia intaneti. Makelele yalikuwa makubwa, hadi PBS, kituo cha umma, kikaruhusiwa kurusha ile ya Krismasi Desemba ile, na tena mwaka uliofuata. Mwaka 2022 haikurushwa tena kwenye televisheni ya kawaida. Wengi walililia usafi uliopotea. Walikosea walichokililia. Kwa zaidi ya miaka hamsini mtoto wa nyumba isiyo na kitu aliitazama filamu hiyo kwa antena, bure, usiku ule ule ambao mtoto wa tajiri aliitazama, na kilichowezesha hilo ni tangazo. Biashara iliyolaumiwa ndiyo iliyofungua mlango kwa wote. Iliyofuata imeubana kwa asiye na ada ya mwezi. Tukiendelea kuamini kwamba fedha iliingia jana tu, hatutaweza kutofautisha fedha inayomfikishia mtoto hadithi na fedha inayomzuia asiifikie.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili linatuhusu sana. Tumejionea kwamba uwezo upo: Tinga Tinga Tales ilitengenezwa Nairobi na kutazamwa hadi Uingereza, na Ubongo Kids ya Dar es Salaam imekuwa ikiwafundisha watoto kwa Kiswahili tangu mwaka 2014. Lakini bado hatuna katuni ya Kiswahili ambayo nchi nzima huisubiri kila sikukuu, iwe Krismasi, Idi au Mwaka Kogwa, na ambayo mtoto wa leo atakuja kumwonyesha mwanawe. Kila wazo hilo likitajwa hutokea mtu wa kusema kwamba kazi ya watoto isiguswe na wafanyabiashara. Msimamo huo una sura ya uadilifu, na matokeo yake ni kwamba hakuna kinachotengenezwa.

Kampuni za simu na mabenki yanayotangaza usiku kucha yana fedha za kulipia dakika 25 za katuni. Waandishi na wachoraji, nendeni mkaziombe bila aibu. Mkishapewa, shikilieni hadithi yenu kama Schulz alivyoishikilia ya kwake: asiwepo mdhamini wa kuwaambia mtoto aseme nini, acheke wapi, wala hadithi iishe vipi. Nasi wazazi, tukiletewa kazi mbovu, tuandike barua za malalamiko.