Hata Mlango Wazi Unapigiwa Hodi

Wandugu na wadada wa Kasongo na Kabambare, na ninyi vijana wote wa Maniema munaotufuata kutoka Kindu, Bukavu na Goma,

Tangu tulipoanza kuongea habari ya kujenga tovuti ya vijana wa kusini mwa Maniema, kuna maneno yanazunguka kati yetu. Mutu anapata tovuti nzuri ya mradi fulani wa programu huria, anasema: "Hii ni ya wote. Tufanye kopi-kole, tubadilishe jina, kesho tuko hewani. Nani kule Ulaya atajua?"

Tunajibu wazi: hapana.

Programu huria si mali isiyo na mwenyewe. Ni kazi ya mutu ambaye ameandika, katika karatasi inayoitwa lisansi, kitu gani unaweza kufanya nayo na kwa masharti gani. Lisansi ya MIT inaruhusu karibu kila kitu, lakini unaacha jina la mwenye haki na maneno ya lisansi mahali pake. GPL, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989, inasema: ukigawia wengine programu hii, uwape pia kode yake na uhuru uleule uliopewa wewe. Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, ziko za namna mbalimbali: ingine inaomba tu umutaje mwenye kazi, ingine inakataza biashara, ingine inakataza kubadilisha.

Na hapa ndipo wengi wanateleza: lisansi ya programu haifuniki lazima tovuti ya mradi. Kode ni kitu kimoja. Sura ya tovuti, ni kusema mpangilio wa kurasa, michoro na rangi zake, ni kitu kingine. Jina na logo ni kingine tena. Mufikirie Firefox ya Mozilla. Kode yake ni huria, lakini jina na logo vina mwenyewe. Mwaka 2006 watu wa Debian, nao pia ni mradi huria, walitaka kuigawa na mabadiliko yao bila kufuata masharti ya jina na logo. Hawakupatana. Debian wakaiita Iceweasel, wakaweka picha ingine, na ikabaki hivyo mpaka mwaka 2016. Kama wakubwa wa programu huria wenyewe wanaheshimu mpaka huo, sisi ni nani wa kuuruka?

Na pasipoandikwa lisansi yoyote? Wengi wanasema: hakuna katazo, basi ruhusa iko. Ni kinyume. Inchi yetu ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na iko ndani ya mkataba wa Berne, ambamo haki ya mtunzi haingojei aandikishe kazi yake popote. Mwenyewe akinyamaza, hajasema ndiyo.

Tusisahau pia kwamba zawadi hii tumekwisha kuila. Ushahidi, programu yenye jina la lugha yetu, ilizaliwa Kenya Januari 2008 katika machafuko ya baada ya uchaguzi, ili raia waweze kuripoti jeuri kwa meseji na kwa intaneti. Mwaka uleule ikatumiwa kufuata vita vya huku kwetu, mashariki mwa Kongo. Ilitolewa bure. Mutu akikupa chakula bure, humwibii sahani.

Sasa tuseme kitu kinachouma. Sisi tuko watoto wa mahali ambapo wengine walichukua bila kuuliza. Kasongo ilikuwa kituo cha misafara ya Tippu Tip, watu na pembe za ndovu vikaondoka. Aprili 1893 majeshi ya Leopold yakaiteka, nayo hayakuuliza mutu. Kule Kabambare, dhahabu ya Namoya ilichimbwa na Banro, kampuni ya Kanada, mpaka kazi ikasimama mwaka 2019, na ugomvi wake na wachimbaji wa mikono wa Salamabila kila mutu anaujua. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inadai kampuni iandike ahadi zake pamoja na wenyeji. Tunaishika sheria hiyo mkononi, tunapiga kelele: muulize kwanza! Halafu usiku, mbele ya kompyuta, tufanye nini? Nyani haoni kundule.

Mutatuambia: dhahabu na sura ya tovuti si sawa. Kweli, ukubwa si sawa. Kampuni ina mamilioni, kijana wa Kasongo ana mega mia tano kwenye simu. Lakini tabia ni ileile: kuona kitu cha mwingine, kukitaka, na kusema mwenyewe yuko mbali.

Tena kuna hatari ya karibu. Tovuti yetu tunataka iwe mahali ambapo mama wa Samba ama mwalimu wa Salamabila ataandika bila woga: barabara imekatika, mshahara haujafika, kwenye bariera wanatutoza pesa. Akifungua akakuta sura na alama za mradi mwingine, atafikiri anaongea na watu wengine. Tutakuwa tumemudanganya mbele ya kuandika hata neno moja. Na siku tutakapomuuliza mkubwa fulani pesa za territoire zimeenda wapi, atacheka: "Muanze kwanza na tovuti yenu ya wizi." Tutamujibu nini?

Wengine wanasema kuomba ni kujishusha. Hapana. Pale lisansi imekwisha kukuruhusu, hauna sababu ya kuomba: soma masharti, uyafuate, endelea. Pale lisansi inapoishia, ndipo unapiga hodi. Anayepiga hodi si maskini, ni mutu mwenye adabu.

Wengine wanasema jibu litakawia. Basi tusingojee mikono mitupu. Sura zilizo katika orodha rasmi ya WordPress zote zina lisansi inayopatana na GPL. Tuchukue moja nyepesi, isiyomaliza mega za watu, tuanze kazi. Jibu zuri likifika, tutabadilisha.

Na ujumbe wenyewe hauchukui hata dakika kumi. Muandike hivi: "Sisi ni vijana raia wa Kasongo na Kabambare, Maniema, Kongo. Tumependa sura ya tovuti yenu. Tunaomba ruhusa ya kutumia mpangilio wa kurasa na rangi zake, bila jina wala logo yenu. Hatuuzi kitu. Chini ya kila ukurasa tutaandika kwamba ni kazi yenu. Mutuambie masharti yenu." Jibu likifika, mulihifadhi. Wakikataa, tunasema asante na tunaacha.

Kwa hiyo tunaomba vijana wetu wa informatiki mambo matatu. Mosi, kusikuwe hata ukurasa mumoja utakaotoka kwa jina letu mbele ya kusoma lisansi. Pili, kila kazi ya mwingine iandikwe jina la mwenyewe, mahali panapoonekana. Tatu, vyote tutakavyotengeneza sisi, picha, maandishi na sura, tuviwekee lisansi yetu ya wazi, ili vijana wa Kibombo ama wa Pangi wavitumie bila kutuogopa, nao wataje jina letu.

Picha zetu zinachukuliwa kila siku bila jina la aliyezipiga, na tunakasirika. Tuna haki ya kukasirika. Tuilinde haki hiyo kwa kufanya kwanza sisi kile tunachodai kwa wengine.

Tuulizwe. Na sisi tuulize.