Kabla ya kununua boti, tazama gari lako

Familia nyingi za Nairobi zikitamani boti ya kutembelea Ziwa Naivasha, hutazama kwanza rangi na idadi ya viti. Mimi nasema anza na gari. Kitabu cha gari huonyesha uzito linaoweza kuvuta, na huo si wa boti peke yake. Chukua mfano: boti kilo 500, injini 100, trela 250. Tia lita 60 za petroli, ambazo ni kilo 45 hivi, kisha nanga, kamba na kreti ya soda za watoto. Umekaribia kilo 900!

Sasa fika ule mteremko wa Mai Mahiu. Trela isiyo na breki zake hulisukuma gari kutoka nyuma. Teremka kwa gia ndogo, maana breki za gari zikipata moto sana hukataa kushika. Tena mizigo isirundikwe nyuma. Yafaa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote ilalie pale trela inaposhikana na gari. Ikipungua sana, trela huyumba huku na huku na yaweza kulipindua gari.

Jambo ambalo wauzaji wengine hawalitaji ni kwamba Naivasha iko mita 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Basi ijaribu ziwani kabla ya kulipa, jamaa wote wakiwa ndani, kila mmoja amevaa jaketi la kujiokolea. Na viboko wapisheni mbali.