Mbwa anakoroma, nyinyi mnacheka

Hiyo video umeiona. Pug amekaa kwenye kochi, ulimi nje, macho kama yanataka kutoka, anakoroma na hata hajalala. Chini watu wamejaza emoji za kucheka. Sasa niulize: mtoto wa jirani akipumua hivyo usiku hapa Karagita, si mngekuwa mshaita boda mumkimbize hospitali?

Mbwa wa uso bapa wamekuwa fasheni. Pug, French bulldog, shih tzu, English bulldog. Ukiwa naye unaonekana umeomoka, na bei ya mtoto mmoja wa French bulldog inameza mshahara wa miezi kadhaa wa mtu anayekata maua hapa kando ya ziwa. Vijana wengine wameanza kupiga hesabu ya kuwazalisha na kuwauza. Kabla hujachanga pesa na mabeste, ona kile unachonunua.

Mifupa ya uso wa hawa mbwa imefupishwa. Watu walichagua mwenye pua fupi wakampandisha na mwenye pua fupi, kizazi baada ya kizazi. Shida ni kwamba nyama ya ndani haikufupika pamoja na mfupa. Kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya mdomo, linabaki refu na kuziba njia ya hewa. Mianzi ya pua imebanwa hadi imekuwa mistari. Meno yanasukumana, macho hayana shimo la kutosha. Na kumbuka mbwa hatoi jasho kama wewe, anajipoza kwa kuhema. Mkimbize jua la saa saba naye hewa haipiti, joto linapanda mwilini na anaweza kufa hapo hapo. Mashirika mengi ya ndege hayataki hata kuwabeba kwenye sehemu ya mizigo.

Kuzaa nako ni balaa. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba kwa Boston terrier, English bulldog na French bulldog, zaidi ya asilimia 80 ya uzao ulitolewa kwa upasuaji. Kichwa cha mtoto ni kipana, nyonga ya mama ni nyembamba. Wewe unayeita hii biashara, bili ya upasuaji umeiweka wapi?

Halafu mtu asiniambie ndivyo walivyoumbwa. Mchoraji Mwingereza William Hogarth alijichora pamoja na pug wake mwaka wa 1745. Tafuta hiyo picha mtandaoni. Mbwa ana pua iliyotokeza kabisa na miguu mirefu. Uso bapa wa leo umetengenezwa na watu baadaye, kwa sababu ulionekana mtamu.

Najua kuna mjanja atauliza: mbona hata watu wako na vichwa vifupi, vipana? Ni kweli, lakini hiyo ni hadithi nyingine kabisa.

Katika miaka ya 1840 Msweden Anders Retzius alileta kipimo cha kichwa. Chukua upana, gawanya kwa urefu, zidisha kwa 100. Baadaye ikakubalika kwamba ukipita 80 una kichwa kifupi na kipana, chini ya 75 una kirefu. (Mimi niliacha chuo, na hesabu hiyo naiweza.) Watu wakageuza namba hiyo kuwa cheo. Hata huku kwetu ilifika. Miaka ya 1920 Louis Leakey alichimbua mifupa ya watu wa kale katika Gamble's Cave, karibu na Elmenteita, na mwaka wa 1935 akatoa kitabu kuhusu mafuvu kama hayo. Yalikuwa marefu na membamba, na urefu huo ukatumiwa kama hoja kwamba wenyewe hawakuwa Waafrika weusi. Rwanda nako Wabelgiji walipima vichwa na pua, na miaka ya 1930 wakaandika kabila kwenye vitambulisho. Mwaka wa 1994 vitambulisho hivyo vilikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani.

Na kipimo chenyewe hakikuwa imara. Franz Boas alipima wahamiaji na watoto wao, karibu watu 18,000, huko New York. Matokeo yake yalitoka miaka ya 1910. Watoto waliozaliwa Marekani walikuwa na vichwa tofauti kidogo na vya ndugu zao waliozaliwa Ulaya. Baba mmoja, mama mmoja.

Hata hapa mtaani utaona. Mama anaingia shamba la maua alfajiri, mtoto anabaki kwa anayelea watoto kumi, analazwa chali siku nzima. Kisogo kinakuwa bapa, halafu watu wanaanza kumbandika majina. Fuvu la mtoto mchanga bado ni laini, ndiyo sababu linabonyea. Kulala chali ni sawa kabisa, kunapunguza vifo vya ghafla. Akiwa macho, abebwe mgongoni, alazwe kifudifudi huku mtu akimtazama, na kichwa kigeuzwe upande. Wengi hurudi sawa. Kichwa kikizidi kupinda, au utosi ukifunga mapema, nenda kliniki.

Huyo mtoto anapumua vizuri, mwacheni na kichwa chake. Mbwa ndiye hawezi kupumua, na ni kwa sababu kuna mnunuzi. Uholanzi tangu 2019 inataka pua ya mbwa wa kuzalishwa ifike angalau theluthi moja ya urefu wa kichwa. Sisi hatuna haja ya kungoja sheria. Koko wa Karagita ana pua ndefu, anakimbia kutwa nzima na watoto wake ni bure.

Kama bado unataka wa uso bapa, mwambie muuzaji awatembeze mama na baba yake kwa kasi dakika tatu mbele yako, kisha simama karibu usikilize wanavyopumua.