Mtoto amechagua STEM, maabara iko wapi?

Wasee wa Migori na Homa Bay, hii maneno ya Gredi 10 tuiongee bila kudanganyana.

Tangu Januari 2026 watoto wa kwanza wa CBC wako sekondari ya juu. Waliambiwa wachague: STEM, sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Kwa karatasi iko sawa kabisa, mimi sina vita na mtaala. Lakini nionyesheni shule za kutwa huko ndani Nyatike zenye maabara ya maana. Mtoto anachagua fizikia ataifanyia wapi, chini ya mwembe?

Tufanye hesabu. Kutoka 2018 serikali iliahidi kila mwanafunzi wa shule ya kutwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi, aliyekuwa mbunge wa Suba Kusini, mtu wetu hapa Homa Bay, akaambia wabunge bajeti inabeba kama 16,900 pekee. Toa. Kila kichwa kimepungukiwa 5,344. Shule ya watoto 500 imekosa 2,672,000 kwa mwaka mmoja! Hiyo ndiyo maabara. Hiyo ndiyo mishahara ya walimu wa BOM.

Stima haijui mgao umechelewa, so mwalimu mkuu anafanya nini? Anarudisha watoto nyumbani wakalete "mchango". Katiba, kifungu cha 53, inasema elimu ya msingi ni ya bure na ya lazima, lakini langoni askari ameshika orodha ya majina.

Na huyo mtoto akirudishwa haendi kulala. Mashimo ya dhahabu ya Macalder hayaulizi risiti ya karo. Omena za Mbita pia haziulizi. Jioni ako na pesa mfukoni, na wiki ya tatu hata umbembeleze aje, harudi. Halafu mtu ameketi Nairobi anaandika ati vijana wa huku hawapendi shule. Zii!

Najua kuna mtu ataandika hapo chini, "wewe si uliacha chuo?" Ndiyo, mwaka wa pili, karo ilinishinda. Ndiyo maana najua vile mama hunyamaza akishikishwa barua ya deni.

Mheshimiwa Mbadi, ukikuja nyumbani wikendi, hotuba ya Kijaluo tunaipenda, utani pia tutacheka. Lakini kabla ushuke jukwaani tuambie tarehe: hizo 5,344 zinarudi lini?